Vyumba Viwili na Uwanja

Zamani za vijiji vya marika, huko Rungwe na Kyela, mtoto wa kiume wa Kinyakyusa akifika miaka 10 au 11 alikuwa na kazi ambayo watu wazima wengi wa Mbeya ya leo wanafika miaka 50 hawajaimaliza: kujijengea pa kulala. Aliondoka nyumbani kwa baba yake, akaungana na wenzake wa rika moja, na pembeni ya kijiji cha wazazi wakaanzisha kijiji chao. Mwanzoni walisimamisha vibanda vya matete, kazi ya mikono inayojifunza. Walipokua wakajenga nyumba hasa, za mianzi na udongo. Chakula waliendelea kula kwa mama zao, wakienda kwa kundi, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Mashamba waliyolima yalikuwa ya baba zao, na mashamba yao wenyewe waliyapata baadaye, wakishaoa. Lakini usiku ulipoingia, kila mmoja alikuwa na pake.

Monica Wilson, mwanaanthropolojia wa Afrika Kusini, aliishi na Wanyakyusa katika miaka ya 1930 pamoja na mumewe Godfrey, na mwaka 1951 akachapisha kitabu kizima juu ya vijiji hivyo, Good Company. Wazee waliomsimulia walimpa sababu mbili za utaratibu huo. Ya kwanza ni sitara: kijana anayebalehe hapaswi kulala karibu na wazazi wake, na mkwe wa kike hapaswi kukutana na baba mkwe. Ya pili waliiita ukwangala, yaani raha ya kukaa na wenzako, kula nao, kuzungumza nao, kurekebishwa nao unapokosea. Waliamini kwamba mtu anayeishi peke yake hawezi kuwa na busara wala adabu. Kwa hiyo kibanda cha matete cha mtoto wa miaka 11 kilikuwa hoja ya maadili kabla ya kuwa jengo. Kilisema mtu amefikia umri wa kuwa na mlango wake mwenyewe, na kwamba mlango huo uko hatua chache kutoka mlango wa rafiki yake.

Vijiji vile vimekwisha. Kahawa iliifanya ardhi iwe na bei, watu wakaongezeka, mashamba yakabana, na kila mtu akajenga kwenye kipande chake. Swali walilolijibu wazee wale, hata hivyo, bado lipo barabarani, kila mtu anapopita Uyole, Isyesye au Iwambi jijini Mbeya na kuyaona maboma: kuta za tofali za kuchoma zilizofika kwenye lenta, hazina paa, ndani mmeota majani yanayofika kifuani. Nyumba ni ya nini, na kiasi gani kinatosha?

Mwenye boma mara nyingi si mtu maskini wa kutupwa. Ni mwalimu, askari, mfanyabiashara wa Mwanjelwa, dereva wa lori linalokwenda Tunduma. Ana ramani ya vyumba vinne, kimojawapo na choo chake ndani, sebule, chumba cha kulia, stoo na baraza mbili. Anaishi chumba na sebule cha kupanga, analipa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, na kinachobaki anakipeleka saiti. Mwaka huu lori la mchanga, mwaka kesho mbao. Mvua za Mbeya zinazoanza Novemba zinapiga ukuta usio na paa hadi Aprili, na mwaka wa saba tofali za juu zinaanza kumeguka. Ukimuuliza, anajibu kwamba Mungu akijalia atamalizia.

Jibu hilo linastahili kuchukuliwa kwa uzito, kwa sababu ni la imani. Katika Injili ya Luka, sura ya 14, Yesu anazungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara. Anauliza ni nani asiyekaa kwanza na kupiga hesabu, asije akaweka msingi, akashindwa kumaliza, na wapita njia wakamcheka. Wahubiri wa Mbeya wanaipenda sana sehemu hiyo. Lakini hapa hakuna anayemcheka mwenye boma. Msingi peke yake unampa mtu heshima, kwa kuwa kila jirani anajua hesabu yenyewe ilivyo: mkopo wa nyumba wa benki unadai mshahara wa uhakika na hati ya kiwanja, navyo wengi hawana. Fedha taslimu nayo haikai. Ada, hospitali, harusi ya mdogo wake, msiba wa shangazi. Tofali elfu moja zilizopangwa kiwanjani haziombwi na ndugu, haziliwi na mfumuko wa bei, wala haziibwi kirahisi. Anayejenga polepole anaweka akiba kwa njia iliyo salama kuliko nyingine zote alizonazo. Kosa halipo kwenye kujenga polepole.

Kosa lipo kwenye ramani. Ramani ya vyumba vinne haimpokei mtu mpaka ikamilike yote, au karibu yote. Inampokonya miaka ya ujana wa watoto wake kwa ahadi ya sebule ambayo pengine watoto hao hawataikalia, maana wakati bati la mwisho linapigiliwa misumari wao wamekwisha ondoka.

Kuna jambo la kushangaza katika Zaburi ya 127, ile inayosema kwamba bila Bwana wajenzi wanahangaika bure. Ni zaburi fupi, ya mistari mitano tu. Inaanza na nyumba, inapita kwenye usingizi, inaishia kwa watoto. Aliyeitunga aliona mambo hayo matatu kuwa kitu kimoja: jengo, mtu aliyelala humo bila wasiwasi, na wanawe. Kurani nayo, katika Surat An-Nahl, aya ya 80, inazitaja nyumba miongoni mwa neema za Mwenyezi Mungu, na neema inayotajwa ni utulivu wa mtu aliyetua humo. Haikusahau hata mahema ya ngozi, mepesi kuchukuliwa siku ya safari. Ukubwa haumo katika maandiko yote mawili. Kilichomo ni kukaliwa. Kwa kipimo hicho boma la vyumba vinne lililokaa miaka 15 bila paa, hata likiwa na thamani kubwa sokoni, bado halijawa nyumba siku hata moja, na vyumba viwili vilivyoezekwa vimekuwa nyumba tangu usiku wa kwanza.

Vyumba viwili si jambo la nadharia Nyanda za Juu Kusini. Vifaa vipo karibu kuliko sehemu nyingi za nchi. Udongo wa tofali unachimbwa kiwanjani penyewe au bondeni kwa jirani. Mawe ya msingi yapo. Mbao za msindano zinatoka Mufindi, kwenye shamba la miti la Sao Hill, kubwa kuliko yote ya serikali nchini. Saruji inatengenezwa Songwe. Anayetaka kujenga mwenyewe anaanza kiangazi, Juni au Julai, wakati baridi ya Uyole inauma lakini mvua haipo. Anafyatua tofali kwa kibao, anazianika, anazifunika kwa nyasi zisipasuke kwa jua. Zikikauka anazipanga ziwe tanuru lenye umbo la nyumba, akiacha chini matundu ya kuingizia kuni. Nje analikandika lote kwa tope ili moto usitoroke. Kisha anawasha, na kwa siku mbili tatu hakuna kulala; kuni zinasukumwa ndani, moshi mzito unatoka juu, na mzoefu anajua kwa rangi ya moto na ya moshi lini aanze kuziba matundu. Tanuru likipoa, tofali za katikati zimeiva, zinalia kama chuma zikigonganishwa. Za pembeni ni mbichi kidogo, na fundi mwenye akili anazitenga kwa kuta za ndani, mvua isikofika.

Vipimo navyo vina busara yake. Bati la kawaida lina urefu wa mita 3. Mtu akipanga vyumba vyake viwili ubavu kwa ubavu, kila kimoja kikiwa na kina cha mita 2 na robo hivi kwa ndani, na paa likishuka upande mmoja kuelekea nyuma, bati moja linafunika kutoka mbele hadi nyuma bila kuungwa, na bado kipenu kidogo kinabaki kila upande. Hakuna kenchi za kupanda juu, hakuna bati linalokatwa na kutupwa. Kuta zinaweza kujengewa kwa udongo, saruji ikabaki ya msingi, jamvi na lipu ya chini ambako matone ya mvua yanarukia. Kijana aliyejifunza kushika mwiko, timazi na pima maji anaweza kufanya sehemu kubwa ya kazi hii, akamwita fundi kwenye pembe, lenta na paa.

Moshi wa tanuru una gharama ambayo haimo kwenye bei ya tofali. Kila tanuru linakula miti. Ndiyo maana Mbarali na Kyela, kwenye mpunga mwingi, kuchoma kwa pumba ni jambo la kupongezwa, na ndiyo maana Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulihangaika kwa miaka kueneza tofali za kufungamana, za udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono bila kuchomwa. Wengi wanazitazama kwa mashaka. Udongo usiopita motoni, wanauliza, ni nyumba hiyo?

Mwalimu Nyerere alikutana na mashaka ya namna hiyo. Mwaka 1977, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, alilalamika waziwazi juu ya watu waliong'ang'ania saruji na bati huku wamekalia udongo mzuri wa tofali na vigae. Saruji nayo ni udongo, alisema, ila tu ni udongo wanaouona kuwa wa Ulaya. Nao watu wako radhi kusubiri bila nyumba kuliko kutumia wa kwao. Aliuona huo kuwa ugonjwa wa fikra. Alikuwa sahihi kuhusu kusubiri, ingawa juu ya bati hakuwatendea haki wanakijiji wake. Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania. Nyasi zinavuja, zinaoza, zinashika moto, na mama anayekinga maji ya mvua batini anapunguza safari ya mtoni. Bati ni kitu cha akili. Ugonjwa unaanza pale bati linapokuwa la kumwonyesha mtu fulani anayepita barabarani.

Na historia inazuia kuupamba udogo kupita kiasi. Wahehe wa Iringa walikuwa na tembe, nyumba ya kuta za miti iliyokandikwa na paa tambarare la udongo, iliyoweza kuongezwa chumba baada ya chumba kuzunguka uwanja kadiri familia ilivyokua. Ilikua huku inakaliwa. Novemba 1973 serikali ilitangaza kwamba hadi mwisho wa 1976 watu wote wa vijijini wawe wamehamia katika vijiji vya pamoja. Mamilioni walihamishwa, wengine kwa nguvu, nyumba walizoziacha nyuma zikabomolewa ili wasirudi. Walijenga vibanda harakaharaka kwenye viwanja vilivyopangwa kwa mstari. Vibanda hivyo vilikuwa vidogo na vya gharama nafuu, na vilijengwa na wenyewe. Hakuna fadhila yoyote ndani yake, kwa kuwa kiasi alichopangiwa mtu na mwingine hakimfundishi kutosheka. Anayehubiri maisha ya kiasi kwa mwenye njaa anapaswa kukumbuka hilo kabla hajafungua kinywa.

Nje ya Afrika, mjenzi mashuhuri wa kijumba ni Mmarekani Henry David Thoreau. Mwaka 1845 alijenga chumba kimoja cha futi 10 kwa 15 kando ya ziwa la Walden, akahamia Julai 4, na akaandika gharama zote hadi dola 28 na senti 12 na nusu. Wasomaji wa dunia nzima wamemchukua kuwa kielelezo cha mtu aliyejitegemea. Hesabu zake zinastahili kusomwa hadi mwisho. Shoka aliliazima. Ardhi ilikuwa ya rafiki yake Emerson. Siku ya kusimamisha nguzo aliita marafiki. Na mbao alizipata kwa kununua kibanda cha James Collins, Mwairishi kibarua wa reli, kwa dola 4 na robo, kwa sharti kwamba familia ihame kesho yake alfajiri. Thoreau mwenyewe anasimulia kwamba alikutana nao njiani, mali yao yote ikiwa ndani ya furushi moja. Kwa hiyo nyumba ya mwanafalsafa ilijengwa kwa nyumba ya kibarua. Aliliandika bila kuficha, na kwa hilo anastahili heshima, ila hakuuliza akina Collins walilala wapi usiku uliofuata.

Mnyakyusa wa zamani angeuliza hilo kwanza. Kwake kujenga mwenyewe hakukumaanisha kujenga peke yako. Rika zima lilikata mianzi pamoja. Iringa na Njombe kulikuwa na mgowe: mwenye kazi anapika pombe, majirani wanakuja na majembe, jioni wanakunywa, na deni linalobaki ni la kwenda kwa mwenzako siku yake ikifika. Kitu kama hicho bado kipo siku ya kumwaga jamvi, ndoo zikipita mkono kwa mkono kabla zege halijakauka.

Wamoravian wanalo somo la karibu zaidi, ingawa hawalihubiri mara nyingi. Kanisa lao lina majimbo mawili katika eneo hili, la Kusini lenye makao wilayani Rungwe na la Kusini Magharibi lenye makao Mbeya mjini. Wamisionari wake walifika Rungwe mwaka 1891 kutoka Herrnhut, Ujerumani. Herrnhut yenyewe ilianzishwa na wakimbizi wa dini waliotoka Moravia, kwenye ardhi ya mtu mwingine, bwana mkubwa Zinzendorf. Juni 17, 1722 seremala Christian David aliangusha mti wa kwanza wa kujengea nyumba yao. Inasimuliwa kwamba alipopiga shoka alitaja Zaburi ya 84, ile ya shomoro aliyepata nyumba na mbayuwayu aliyepata kiota. Baadaye jumuiya hiyo iliishi kwa makundi ya umri na jinsi, vijana wa kiume katika nyumba yao, wanawake wasioolewa katika yao. Warithi wa utaratibu huo walipanda milima ya Rungwe na kukuta watu wanaoishi katika vijiji vya marika. Ni nadra historia kukutanisha mila mbili zilizofanana hivyo, na inasikitisha kwamba kufanana huko hakukuokoa kitu: Wakristo wapya walihamia karibu na misheni, wakayaacha marika yao.

Sheria ya nchi nayo ina jambo la kumwambia mjenzi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Anayepata hati ya kiwanja mjini anapewa haki ya kukitumia kwa muda maalumu, miaka 33, 66 au isiyozidi 99. Mtu anaweza kulisoma hilo kama jambo la wanasheria tu. Anaweza pia kulisoma kama alivyoelewa mtunga zaburi nyingine, kwamba binadamu ni mgeni anayepita kwenye ardhi ya mwingine. Mwenye kulielewa hivyo hatatumia miaka 20 kati ya 99 kujiandaa kuanza kukaa.

Zipo hoja dhidi ya vyumba viwili, na nzito kuliko zote si ya watoto wala wageni. Ni ya msiba. Mbeya mtu akifiwa, watu wanakuja kwa mamia, wanakaa siku tatu, wanalala, wanapika. Mpangaji anafikiria jambo hilo kwa hofu, kwani mwenye nyumba anaweza kukataa turubai lisifungwe uani. Wengi wanajenga sebule kubwa kwa ajili ya siku hiyo hasa, na si majivuno. Wanataka waweze kuwapokea watu katika saa ambayo kuwapokea ni wajibu.

Lakini msiba wa Mbeya haukai sebuleni. Jeneza linaingia ndani, akina mama wanakaa nalo, na watu wengine wote wako nje: wazee kwenye viti chini ya turubai, vijana kwenye moto, masufuria nyuma ya nyumba. Kinachohitajika ni uwanja. Katika kiwanja cha mita 20 kwa 20 nyumba ya vyumba vinne na baraza zake inaweza kula karibu nusu ya eneo, na turubai likafungwa barabarani. Vyumba viwili vikijengwa kwenye kona ya nyuma, mlango ukielekezwa mbele, vinaacha uwanja wa kukaa watu mia mbili na mahali pa kuongeza chumba cha tatu watoto wakikua. Mafundi wanalijua hilo kwa vitendo. Ukiwaambia mapema, hawafungi ukuta wa mwisho kwa mstari ulionyooka; wanaacha tofali zimetokeza moja kwa kupishana na nyingine, ili ukuta wa chumba kijacho uje ushikane na wa leo bila kubomoa kitu. Msingi wa chumba hicho unaweza kuchimbwa kiangazi chochote, wenye nyumba wakiwa ndani na mlango wao ukiwa wazi.